Paipu Iliyozidi Shibiri

Jambo lote liligharimu nozeli mbili, safari moja ya Moshi iliyoahirishwa, na sehemu ya heshima ya Fundi Mkuu. Nozeli nilizihesabu mara mbili, nikapata mbili. Safari ilifanyika wiki iliyofuata. Heshima sikujua inapimwa kwa mizani gani, nikaiacha wazi, na iko wazi hadi leo.

Nilianza kazi miaka ya hamsini, katika gereji ya malori pale Gerezani, karibu na soko la Kariakoo. Sikuajiriwa kwa ufundi, niliajiriwa kwa mdomo. Kazi yangu ilikuwa kuwazungukia wauza vyuma chakavu na wenye maduka ya spea, nipunguziwe bei kabla hawajajua namnunulia nani. Siku ya kwanza nilikabidhiwa boksi la nati. Nikalihesabu, kisha nikalihesabu tena. Fundi Mkuu, mtu wa pwani asiyevua kofia yake hata akiwa chini ya lori, alikuwa akinitazama.

"Zimezaa?" aliuliza.

"Hapana, Fundi. Nahakikisha hazijafa."

Kuanzia hapo nikaitwa Bwana Mara Mbili.

Vijana wa leo mmezoea injini zinazopimwa kwa kompyuta, kwa hiyo nieleze kidogo. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Pampu husukuma mafuta kwa nguvu kubwa kupitia paipu nyembamba za chuma, kila silinda na paipu yake, hadi kwenye nozeli. Nozeli huyanyunyiza ndani ya silinda kama ukungu, na hewa iliyobanwa ikapata moto huyawasha. Paipu hizo kwa nje ni nene kama penseli, lakini tundu la ndani ni dogo mno. Fundi Mkuu alizishika kwa vidole injini ikinguruma, kama tabibu anavyoshika mkono wa mgonjwa, akakwambia ipi inapiga na ipi imelala. Alinionya pia nisiweke kidole panapovuja, maana dizeli yenye nguvu ile hupenya ngozi kama sindano. Yote mawili yalikuwa kweli. Ndiyo maana la tatu nililiamini bila kulihesabu: kwamba paipu zote lazima ziwe na urefu mmoja, na moja ikizidi, mafuta yake huchelewa na injini hugonga.

Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio Mzee Elia alipoleta lori lake. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Kilimanjaro, mwenye duka la jumla la maharage na vitunguu Kariakoo. Paipu ya silinda ya nne ilikuwa imepasuka. Nikazunguka nusu siku, nikapata moja tu, nayo ilizidi shibiri nzima, urefu wa kiganja kilichotanuliwa. Muuzaji alitaka kunilipisha ile shibiri. Nikamwambia hiyo ndiyo kasoro yenyewe, anipunguzie. Akapunguza.

Fundi Mkuu aliipima kwa uzi akaguna. "Itabidi tuizungushe mduara ili ikae."

Desturi yetu ya kukunja paipu, iwe ya maji au ya moshi, ilikuwa moja. Unachukua mchanga laini wa ufukwe wa Kivukoni, unauchekecha kwa kitambaa, unaujaza ndani ya paipu ili isibonyee, kisha unaikunja kwa kuizungusha kwenye chupa ya soda. Hiyo nayo tukaijaza hivyo hivyo. Ikakunjwa vizuri, ikasukutuliwa kwa dizeli, ikapulizwa kwa mdomo, ikafungwa.

Siku mbili baadaye lori lilirudi linagonga.

"Shibiri hiyo," Fundi Mkuu alisema. "Bwana Mara Mbili ametununulia uchelewaji, tena kwa bei nafuu."

Mwenye gereji aliniambia waziwazi kwamba kosa likiwa ni la paipu, sina kazi. Nilikuwa nimeoa juzi tu, na chumba cha Mchikichini nilikipanga kwa kuutegemea mshahara huo.

"Fundi," nikasema, "tuhamishe paipu. Ugonjwa ukiwa wake, utahama nao."

"Haya. Mimi sina ugomvi na paipu."

Tulilegeza nati za paipu moja moja injini ikiwaka, maana silinda ikikosa mafuta hunyamaza. Tulipolegeza ya nne, kule kugonga kukakoma. Basi tukabadilishana: paipu ndefu ikaenda silinda ya tatu, na ya tatu ikaja ya nne. Tukawasha. Iliyogonga bado ni ya nne. Nikashusha pumzi.

"Usifurahi," Fundi Mkuu akasema. "Ya tatu haijaizoea bado."

Lori likaenda, na siku chache baadaye likarudi. Sasa ziligonga ya tatu na ya nne.

"Jamani," alisema Mzee Elia, "nimewaletea mgonjwa mmoja, mnanirudishia wawili?"

"Unaona?" Fundi Mkuu alinigeukia. "Paipu imefika ya tatu, ya tatu imeugua."

Mafundi walianza kuniangalia kama mtu anayeaga. Nikafikiri mara ya kwanza, nikafikiri mara ya pili.

"Sawa, Fundi. Na ya nne mbona haijapona? Sasa ina paipu ya urefu wake. Urefu ukihama, unahama wote. Hauachi ugonjwa nyuma. Kinachobaki nyuma ni uchafu."

Akafungua nozeli zote mbili mwenyewe. Sindano za ndani zilikuwa na mikwaruzo. Akapangusa kwa kitambaa cheupe, akasugua kilichotoka kati ya vidole viwili. Wote tulijua kinatoka ufukwe gani.

Mwenye gereji alikuja kuuliza. Ilikuwa rahisi kusema ni uchafu wa muuza vyuma, na mimi ningefukuzwa mchana ule.

"Mchanga ni wangu," Fundi Mkuu alisema. "Kijana alinunua paipu, mimi nikaitia mchanga. Mwacheni."

"Kumbe nimesafirisha mchanga wa pwani bila nauli," Mzee Elia akasema.

Fundi Mkuu alivuta kofia yake mbele kidogo. "Lakini shibiri nayo ina neno lake."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kwa miezi, kila Fundi Mkuu alipopita, kuna fundi aliyepima kikombe cha chai kwa shibiri.

Paipu ikasafishwa kwa waya na upepo wa mashine, nozeli mpya zikafungwa, lori likaenda Moshi na kurudi bila kugonga. Dereva alisema tu kwamba mlimani lilikuwa zito kidogo. Tukasema ni vitunguu.

Baadaye nilihamia karakana ya bandarini. Msimamizi wa Karakana alinikuta nikipima paipu kwa uzi. "Watengenezaji huzikata sawa zote," aliniambia, "hata ile ambayo ingetosha ikiwa fupi. Unadhani wanapenda kupoteza chuma?" Nikazifunga sawa hadi nilipostaafu, na sikutia tena mchanga.

Lori la Mzee Elia lilipochakaa niliiomba ile paipu. Inaning'inia ukutani kwangu. Ninyi mna mashine za kupimia, njooni muichukue, mpime kama shibiri moja inachelewesha mafuta kiasi cha injini kujua. Pimeni mara mbili. Fundi Mkuu hayupo tena, lakini binti yake yuko Ilala, na kila Idi hunikaribisha pilau. Ikionekana baba yake alikuwa na neno, mnishauri: nimwambie vipi, na nianzie wapi?