Kiti cha Lokeno

Aregae alirithi vitu vitatu kwa kaka yake. Majonzi yalikuja yenyewe. Mbuzi aligawana na shemeji yake Akiru, mjane wa kaka yake, bila maneno. Kazi ndiyo iliyomgomea.

Kaka yake Lokeno, Mungu amlaze mahali pema, alikuwa dereva wa mashine ya kukata nyasi pale misheni, Lodwar. Ilikuwa kama trekta iliyodumaa: magurudumu manne, usukani, kiti kimoja, na visu chini ya tumbo. Wafadhili waliileta kwa ajili ya uwanja wa watoto, unaonyweshewa maji ya kisima. Alasiri Lokeno aliuzunguka uwanja taratibu, rozari ikining'inia kwenye usukani, na watoto wakimpungia mkono na kumwita rubani. Wachungaji waliopita nje ya ua walisimama kumshangaa mtu mwenye akili timamu anayekata malisho mazuri namna ile na kuyatupa.

Baada ya mazishi, Sista Godelieve, Mrundi aliyekuwa mkuu wa misheni, alimkabidhi Aregae ufunguo. Mshahara ule ndio uliokuwa ukilisha nyumba mbili, ya Lokeno na ya mdogo wake, kwa hiyo Aregae alimshukuru Mungu na kwenda bandani mbio. Aliuzungusha ufunguo. Mashine haikukohoa hata kidogo. Kesho yake vivyo hivyo. Nyasi zikafika magotini, na Sista akasema bila hasira kwamba isipowaka kabla ya misa ya Jumapili ya kumkumbuka Lokeno, lori litaipeleka Kakuma ikafunguliwe vipuri. Uwanja wataachiwa mbuzi. Naye dereva asiye na mashine atakuwa dereva wa nini?

Ndipo Aregae alipomwita Pontien, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma aliyeshinda akitengeneza jenereta na mashine za kusaga unga. Pontien aliomba kibali cha kusafiri, akafika Ijumaa asubuhi na kisanduku chake cha spana. Akapima betri, akaikuta ina nguvu. Akasugua vichwa vya nyaya kwa msasa, akamwaga petroli ya zamani na kutia mpya, akafungua plagi na kuipangusa. Kwenye kichujio cha hewa alikung'uta vumbi la kujaza kofia. Kila alipomaliza jambo moja alimpa ishara Aregae, naye Aregae, akiwa amesimama kando, alinyoosha mkono juu ya kiti na kuzungusha ufunguo. Kimya.

Pontien alipotaka kupanda ajaribu mwenyewe, Aregae alimshika bega na kumweleza kwamba kile ni kiti cha marehemu. Pontien akajishika kifua, akaomba radhi, akachuchumaa chini.

Kwa kina Aregae kiti cha mwanamume hakikaliwi ovyo. Ekicholong, kigoda kile cha mti anachotembea nacho mkononi, hukikalia mchana na kukifanya mto usiku, wala mwanawe hakigusi. Akifa, nyumba yake ndiyo itakayosema nani akikalie. Aregae hakuthubutu kumwomba mjane kiti kabla machozi hayajakauka. Alijiambia kwamba mashine ikiwaka tu, ndipo atakwenda kuomba. Kwa hiyo kila asubuhi alikipangusa kile kiti kwa kitambaa safi, akasimama kando yake, akazungusha ufunguo. Wote pale misheni walimwona, wakamsifu kwa adabu yake.

Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali Pontien alipoanza kuufuata waya mmoja kwa kidole, kutoka kwenye ufunguo, chini ya usukani, mpaka chini ya kiti. Hapo kidole kikakuta kitufe kidogo. Akakaa kitako mchangani na kucheka peke yake.

Wakati huo Akiru aliingia na birika la chai. Walisalimiana, ejok kwa ejok, kisha Pontien akamgeukia.

"Mama, hii mashine haiko mgonjwa," alisema. "Inangojea mtu. Kama hakuna mtu kwa kiti, inakataa kuwaka, isije ikakata watu ikienda yenyewe. Huyu ndugu anaiheshimu kupita kiasi."

Akiru alimgeukia shemeji yake. Aregae akatazama viatu vyake.

"Ulikuwa unasimama siku zote hizi?"

"Ningekaaje, shemeji? Hukusema."

"Hukuniuliza."

Akaweka birika chini, akajifunga shuka vizuri, akapanda. Pontien akabonyeza breki kwa mkono, isiondoke naye. Akiru akafanya ishara ya msalaba na kuzungusha ufunguo, na mashine ikanguruma kwa nguvu hata akakamata usukani kwa mikono miwili, akicheka, machozi yakimtoka. Aliposhuka, ikazimika papo hapo.

"Ekicholong cha Lokeno kiko nyumbani kwangu, na hicho sijampa mtu," alisema. "Hiki ni cha kazi. Kaa, shemeji."

Aregae akakaa. Pontien akamtania kwamba ale ugali zaidi, kwani marehemu alikuwa na uzito na mashine isije ikadhani amekaliwa na kuku. Lakini ilimkubali. Akatoka nayo bandani, watoto wakimkimbilia, na mstari wake wa kwanza ukapinda kama njia ya mbuzi. Akiru alimfuata nyuma akizoa nyasi kwenye shuka, awapelekee mbuzi.

Jumapili misa ilisomwa uwanjani. Sista Godelieve aliutazama ule mstari uliopinda, na lori halikuitwa. Aregae alikuwa amevaa shati la Pasaka, ufunguo mfukoni, na katika sala ya waamini aliwaombea marehemu wote, kisha akaongeza kwa sauti ya chini shukrani kwa ajili ya kiti.