Udhu wa Bibi

Bibi yangu alipoanza kuzidisha ibada, nilijisifu. Nilidhani ni matunda ya malezi yangu.

Figo zake zilikuwa zimeshachoka, na mashine ya hospitali ndiyo iliyokuwa ikimsafishia damu. Mimi ndiye niliyemtunza katika nyumba yetu ya Mkomani: kumpikia, kumpandisha punda siku za mashine, na juu ya yote kumpimia maji. Figo zikifa, anachokunywa mtu hakina pa kutokea. Humkalia mwilini, kikampanda hadi mapafuni. Hayo nilijifunza mwenyewe kwenye simu, kama nilivyojifunza kuchora hina, na kama ninavyojifunza kila kitu: kwa hofu.

Mimi ni mtu wa kufuta. Bibi harusi akinipa mkono, ua moja likapinda, nafuta mkono mzima. Kuna mmoja wa Matondoni nilimchelewesha hadi mashoga zake wakaanza kuniimbia. Sasa mpe mtu kama huyo figo za bibi yake. Viazi nilivichemsha, nikamwaga maji na madini yanayomdhuru mgonjwa wa figo, nikavichemsha tena, mpaka Bibi akauliza vimenikosea nini. Tende nilizificha. Dafu halikuvuka kizingiti. Maji yake ya siku yalikaa katika chupa moja, na kila akinywa nilimkodolea macho.

"Wanitazama kama paka wa sokoni atazamavyo utumbo wa samaki," alisema.

Ndipo akashika dini. Zamani alitia udhu wa sala zake, basi. Sasa akitaka kusoma Kurani, udhu. Akitaka kujinyoosha kitandani, udhu. Akipiga chafya, anaingiwa na shaka, anarudia. Nilimjazia jagi kwa furaha, nikamwekea beseni, nikawaambia majirani bibi yangu amekuwa mcha Mungu kweli.

Hospitalini muuguzi alimpima uzito, akanitazama mimi. Maji yamezidi sana mwilini, akasema, unampa kiasi gani? Niliapa. Bibi kando yangu alikuwa akivuta uradi, macho chini, mpole kama mwali.

Siku ile, wakati wa alasiri, nilijibanza nyuma ya pazia. Bibi akanawa mikono. Akateka maji kwa kiganja, akayatia kinywani, mashavu yakajaa. Akasukutua vizuri, upande huu na upande huu. Kisha akatazama dari, na koo likapanda likashuka. Beseni halikuongezeka hata tone.

"Bibi! Umemeza!"

"Nimesukutua."

"Mtu akisukutua hutema!"

"Nami nimetema. Nimetema upande wa ndani."

Nilimwambia kuanzia leo atatayamamu kwa mchanga, mgonjwa ameruhusiwa. Akanicheka.

"Mtanga ni wa mtu aliyekosa mai. Mimi mai ninayo. Nilokosa ni ruhusa yako."

Nilicheka pia, nikadhani tumemaliza. Akapigapiga kitanda, niketi. Akasema hataki mashine tena. Siku ya mashine anarudi kama nguo iliyokamuliwa, siku ya pili anajaribu kuwa mtu, na akishakuwa mtu, punda yuko mlangoni. Anataka kukaa kwake, anywe maji yake, na Mungu akimwita amkute hapa. Nikamwambia atapata nafuu. Alinitazama tu kama anitazamavyo nikisema hina yangu haijapinda.

Mama yangu, mwanawe wa pekee, yuko Mombasa. Kwa simu alisema, "Wewe ndiye uliye naye. Utakaloona ni sawa, ni sawa." Kama kuna sentensi ya kumuua mtu wa kufuta, ni hiyo.

Tukaenda kwa daktari, kijana wa bara mwenye adabu. Alieleza bila kuzunguka. Moyo umedhoofika, na mashine sasa inamchosha kuliko inavyomsaidia. Tunaweza kuendelea. Tunaweza pia kuacha, akae nyumbani, apewe dawa za maumivu na za pumzi ikimbana, na mimi nifundishwe namna ya kuzitoa. Ila tukiacha, hatakaa sana. Yote hayo aliniambia mimi, kisha akauliza, "Kwa hiyo mmeamuaje?"

"Daktari," Bibi akasema, "tangu tuingie wamtazama huyu. Ukitaka kumposa, sema. Ukitaka habari ya figo, niulize mimi."

Daktari akaiva masikio. Akageuza kiti, akamuuliza.

"Nataka kwenda kwangu," Bibi akasema.

Sikukubali. Nilimwomba daktari atupe muda, nikaenda kwa shehe wetu. Nakiri sikwenda kuuliza. Nilikwenda kutafuta mtu wa kumkataza. Nilitaka aseme ni haramu, nirudi nayo nyumbani mkononi.

Shehe alinisikiliza hadi mwisho. "Mwenyewe asemaje?"

"Shehe, nimekuja kuuliza dini, si kumuuliza yeye."

"Basi anza na yeye. Ana akili timamu, dawa haitamponya, nayo yamtesa. Akiacha, hajajiua. Wewe waogopa nini?"

Nikasema naogopa nikikubali, akifa, nitakuwa nimekosea. Na mkono huu haufutiki.

"Atakufa," akasema shehe. "Hata ukipatia."

Nilirudi, nikachukua gilasi kubwa ya wageni, nikaijaza, nikamletea. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akanusa kama mtu anayekagua tui, akanywa mafunda matatu, akairudisha.

"Ndiyo haya?" akasema. "Ya kuiba yalikuwa matamu zaidi."

Magharibi aliomba jagi na beseni. Akasukutua, akanikazia macho, akatema kwa kishindo hadi maji yakanirukia miguuni. "Umeona? Najua kutema tangu hujazaliwa."

Punda hakuja tena. Mama alikuja. Bibi alikula tende kidogo, akalala sana, pumzi ikambana, nikampa dawa kama nilivyofundishwa, ikalegea. Kinywa kikikauka nililowesha midomo yake kwa pamba. Asubuhi moja, Mama akimsomea na mimi nikiwa nimemshika mguu, akatutoka.

Nilitaka niwe kati ya wanawake wa kumuosha. Muosha ni mama mtu mzima wa mtaa wetu, mkali, asiyependa kelele. Alinipa kazi ya kushika kichwa. Alipofika kwenye udhu wa maiti alilowesha kidole, akampitishia kwenye meno, akanigeukia.

"Mwinamishe kitwa. Mai yasimshukie tumboni."

Kicheko kilinitoka kabla sijakijua. Nikauma leso. Mama akanitazama kwa hasira, kisha akakumbuka kisa cha jagi na beseni nilichomsimulia, naye akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Muosha akasema astaghfirullah, akatuuliza tuna wazimu gani.

"Mwinamishe, nimekwambia!"

Nikamwinamisha. Lakini sikufanya haraka.