Nilivyoshindilia Atomu Robotani

Jamani, aibu hii niifiche hadi lini? Kiwanda kipya cha mtu binafsi cha kuchambua pamba, hapa Bariadi, kilipata fundi mgeni mwenye kipande cha metali ya ajabu. Alisema atomu zake hazikupangika kwa mistari, zimevurugika kama za kioo, na zikibanwa zinasogeleana.

“Kama pamba tu!” nikamwambia Kabula, mfanyakazi mwenzangu niliyekuwa nangoja jibu lake la uchumba. Nikakichukua bila kuomba, nikakichomeka kwenye pamba, mashine ikaishindilia kuwa robota, mzigo mgumu uliofungwa kwa nyaya. “Kitatoka kidogo kama ukucha!” nikajigamba.

Tukakata nyaya za robota, wenzetu wote wakitazama. Kipande kilikuwa vilevile.

“Zinasogea kidogo mno, jicho halioni,” akasema fundi, kumbe yuko nyuma yangu.

Kabula akanipima kwa macho. “Aliyesinyaa ni wewe, kaka yangu.”