Ukimya wa Nyumba ya Kisugu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa hata kupumua. Studio ilikuwa Lubaga, chini kidogo ya kanisa kuu. Mkuu wa Sauti, bwana mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi, alinivalisha hedifoni, akainua kidole, akaniamuru nisimame wima. Tukasimama hivyo dakika nzima. Kumbe alikuwa anarekodi chumba kitupu! Mimi mtoto wa kambi ya polisi, niliyekulia kwenye kelele za paredi na redio za majirani, nikadhani mzee wa watu amerukwa na akili.

"Huu tunauita ukimya wa chumba," alinieleza baadaye. "Kila chumba kina wake. Mhariri akikata maneno, anaziba pengo kwa ukimya wa chumba kilekile. Bila huo filamu inatoboka." Halafu akaongeza: "Na wewe usisikike kamwe. Mtu wa sauti akisikika kwenye filamu, kazi imemshinda."

Neno hilo nililishika kama amri ya baba. Kutoka Lubaga nilihamia Kansanga, kwenye kampuni ya matangazo ya biashara, chini ya Meneja wa Uzalishaji ambaye hakujali lolote ila sabuni ionekane ikitoa povu. Hapo nilibeba bumu, ule mti mrefu wenye kipaza sauti nchani, mpaka bega langu la kulia likashuka. Hadi leo fundi cherehani hunipima mara mbili. Nilikuwa hodari, nasema bila aibu, na nilikuwa mkali. Waigizaji walivua bangili waliponiona tu.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa ya Apio, mwongozaji wa filamu, binti wa marehemu askari polisi kutoka kaskazini. Alitaka kutengeneza filamu juu ya mama yake mjane, na mama mwenyewe ndiye aigize, ndani ya nyumba yake Kisugu. Mama anachemsha chai, anakunja mashuka, anamngoja mume ambaye harudi. Basi. Watu walimcheka. Mbona hakuna anayepigwa, hakuna anayeolewa?

"Mama yupo," Apio aliwajibu. "Inatosha."

Lo, tulihangaika! Mvua ikipiga mabati, tunasimama. Kanisa la jirani likifungua spika, tunasimama. Mpiga picha wa kwanza alichoka akaondoka, wa pili akaugua. Tukaacha miezi, tukarudi, na mama amekonda, nguo zilezile zinampwaya.

Tena mama alikuwa na pumu. Kifua chake kilipiga filimbi nyembamba, ambayo wengine hawakuisikia ila mimi niliyevaa hedifoni. Kwa hiyo kila niliporekodi ukimya wa chumba, nilimtoa nje, akakae barazani.

"Natoka tena?" alikuwa akilalamika. "Banange, jamani! Nyumba ni yangu, na kila saa munanifukuza!"

"Dakika moja tu, mama."

"Dakika yako ni ndefu, ssebo, bwana wee." Lakini alitoka huku akicheka, akijikokota na fimbo yake.

Ikabaki sehemu moja tu, ile ya mwisho. Mama aingie na chupa ya chai, aketi kwenye kiti cha marehemu mumewe, kiti ambacho tangu filamu ianze hajakigusa. Filamu nzima ilikuwa inaelekea kwenye kiti kile. Ijumaa hiyo majirani walinyamaza, mvua haikuwepo. Mama akaingia, polepole, vizuri mno. Amebakiza hatua mbili, filimbi ya kifua ikajaa masikioni mwangu, nikapiga kelele: "Kata!"

Apio alinigeukia. "Mzee, mimi sijasikia kitu."

"Wewe huna hedifoni. Sauti haifai. Apumzike, turudie Jumatatu."

Aliniamini. Watu wote waliniamini, ndiyo kazi yangu ilivyokuwa. Mama akaweka chupa mezani, akasema, "Kale, haya basi, Jumatatu nitakaa." Nikamtoa nje, akakae barazani, nirekodi ukimya.

Jumapili kifua kilimbana. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho.

Baada ya mazishi huko kwao, Apio alikuja nyumbani kwangu. Hakunilaumu, na heri angenilaumu. Alisema, "Mzee, nipe ukimya wenye mama ndani. Niuweke juu ya picha ya kiti. Nataka pumzi yake tu."

Sikuwa nao. Alipokuwa akiigiza, pumzi yake ilichanganyika na nyayo na vyombo, haikutengeka. Vyumba vyote vya nyumba ile nilikuwa nimevirekodi, safi kabisa, na kila mara nimemtoa mwenyewe nje. Nililia mbele ya binti yule kama mtoto mdogo, sioni haya kusema. Hata hivyo nilikaa siku tatu nikisikiliza rekodi zote, mpaka nikapata moja, ya Ijumaa ileile, ambayo nilichelewa kuizima. Nilipoisikia nilitaka kuifuta. Nikampelekea.

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi mdogo mjini. Niliketi karibu na Apio. Mwishoni kilibaki kiti kitupu, na ukimya wa chumba, dakika nzima. Kisha kutoka nje ya mlango, kwa mbali, ikaja sauti ya mama pamoja na filimbi yake:

"Mumemaliza? Nirudi ndani?"

Na sauti ya mwanamume, kavu, karibu sana na kipaza sauti, ikamjibu:

"Bado, mama. Kaa hukohuko nje."

Picha ikazimika. Mtu mmoja nyuma yetu akanong'ona, "Huyo ni nani?" Apio alinishika mkono.

"Ni mimi," nikasema.

Sikuchukua kazi nyingine tena. Hedifoni nimezifunga kwenye sanduku, na mchana mke wangu akisinzia kitini, nazima redio nimsikie akikoroma. Nyinyi mnaoanza, rekodini ukimya wa chumba kama nilivyofundishwa, mhariri atawashukuru. Lakini mwenye nyumba mwacheni akae.