Papa Alipokuja Pinga Mwezi wa Mvua

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Pinga, msituni Walikale, na kila mwaka watu wa Goma wanaotaka kuja kwetu hunipigia simu kuniuliza swali lile lile: tuje mwezi gani? Wengine ni ndugu, wengine ni watu wa parokia, mmoja alikuwa mpiga picha ambaye mwishowe hakufika. Nawajibu wote bila kufikiri sana. Njooni kati ya mwezi wa sita na wa nane, nasema, maana hapo mvua inapungua, matope yanashikana, na pikipiki ikitoka Masisi alfajiri inaweza kufika kwetu jua lingali juu. Ni jibu la kweli. Hata Papa, baba yangu mzazi, nilimpa jibu hilo hilo, miaka saba mfululizo, na hakulikubali hata mara moja.

Papa ni mkulima wa maharagi wa Kibabi, kule Masisi, kwenye vilima ambako nilizaliwa. Kule ukungu wa asubuhi hauondoki mpaka saa tatu, na mwezi wa saba kunapokucha unaona pumzi yako mwenyewe ikitoka kama moshi. Papa anavaa koti la sufu mwaka mzima. Mwezi wa tisa anapanda, wa kumi anapalilia, kabla ya Noeli anavuna. Mwezi wa pili anaanza tena, na wa sita anavuna tena. Mwezi wa saba unamkuta anapura, anakausha, anachagua mbegu moja moja kwa kidole. Kwa hiyo kila nilipomwambia aje kiangazi, alinijibu kwamba mkulima haachi maharagi yake uwanjani akaenda kutembea.

Hiyo ilikuwa sababu ya mdomoni. Sababu ya moyoni niliijua tangu nilipochumbiwa: Papa aliidharau hali ya hewa ya msituni. Alisema kule Walikale mvua inanyesha bila akili, leo na kesho na keshokutwa, na mahali pasipo na majira mtu hawezi kujifunza utaratibu. Alimwambia mume wangu maneno hayo usoni, kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake pole.

Upande wa pili alikuwako mama mkwe wangu. Yeye ni mwanamke wa msitu, binti wa mwindaji, amelima muhogo na kukamua mawese maisha yake yote. Kibabi alifika mara moja tu, walipoleta mahari, na ilikuwa mwezi wa saba. Siku tatu alikaa karibu na moto amejifunika blanketi la mama yangu, akatoa mkono tu wakati wa kula. Aliporudi Pinga aliwaambia majirani kwamba wakwe zake wanaishi mahali ambapo hata jua linavaa koti. Maneno hayo yalimfikia Papa. Sijui nani aliyapeleka, lakini yalifika, na kuanzia siku hiyo wakwe hao wawili waliheshimiana kwa mbali, kila mmoja akiwa kwenye hewa yake.

Halafu mimi na mume wangu tukamaliza nyumba yetu, nyumba ya mbao yenye mabati mapya. Nilimwambia Papa kwenye simu. Aliuliza ina vyumba vingapi, akauliza mlango unatazama wapi. Nilimwambia asubiri kiangazi aje aione. Akasema amesikia.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja, mvua ikiwa imeiva, simu ikalia nikiwa darasani. Alikuwa Papa. "Niko Nyabiondo," alisema. "Maharagi nimemaliza kupalilia. Kesho njo nafika."

Nilikasirika, kisha nikaogopa. Ile barabara ya kutoka Nyabiondo mpaka kwetu, mwezi huo, hata vijana wanaoijua wanaifanyia sala. Nilimsihi arudi. Akasema amekwisha kuelewana na mwenye pikipiki, na simu ikakatika.

Kesho yake mvua ilianza kabla ya kucha na haikunyamaza mpaka karibu saa mbili. Ilikuwa Jumamosi. Saa tatu mwenye pikipiki alipata mtandao akatupigia: walikuwa wameondoka Nyabiondo jana yake, wakalala njiani, na sasa wamefika kwenye mto, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, na daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa na maji. Alisema maji yanafika kifuani tu, kwa hiyo atamvusha mzee mgongoni.

Mama mkwe alikuwa uani anamenya muhogo. Aliposikia hivyo aliweka kisu chini, akaniambia nimwambie yule mtu asithubutu. Akavaa bote zake za mpira, akachukua fimbo, akasimama kidogo kutazama upande wa milima ya Masisi. Huko mbingu zilikuwa bado nyeusi. Tukaondoka mimi, yeye, mume wangu na majirani wawili wenye mapanga na kamba. Njia nzima alitutangulia, ingawa ana miaka mingi kuliko sisi wote.

Ng'ambo ya mto nilimwona Papa. Alikuwa amekaa juu ya mfuko wake, mwavuli mkononi, koti la sufu limelowa mpaka limebadilika rangi. Pikipiki ilikuwa imeegemezwa kwenye mti, nyekundu kwa matope mpaka kwenye taa. Miaka saba nilikuwa nimeitamani picha ya baba yangu akija kwangu, na sikuwahi kuiwaza hivyo.

Mama mkwe alisogea mpaka ukingoni. "Papa," aliita, "usiingie. Hii maji inatoka kwenu ku milima, na haiyamaliza kushuka. Ile kubwa iko nyuma."

Papa akajibu kwamba amevuka mito tangu utoto, na kwamba tangu wafike maji yamekwisha kupungua kiasi cha kiganja. Mama mkwe hakubishana naye. Alimwambia achomeke kijiti pale maji yanapoishia, akitazame. Papa ni mtu wa vipimo, hilo lilimwingia. Akavunja kijiti, akakichomeka, akarudi kukaa.

Haukupita muda mrefu kijiti kikawa ndani ya maji, kisha hakikuonekana. Mto ulibadilisha sauti. Shina zima la mti, na mizizi yake, likapita kwa kasi mahali pale pale ambapo mwenye pikipiki alitaka kumvushia. Papa aliinuka, akausogeza mfuko wake nyuma hatua kumi, akakaa tena, akamtazama mama mkwe.

"Inaisha saa ngapi?" akauliza.

Baba yangu hakuwahi kumwuliza mtu yeyote swali juu ya maji, mbele yangu, maisha yake yote. Watu wa Kibabi ndio wanaokuja kumwuliza yeye. Mama mkwe alinyoosha fimbo kuonyesha mti mrefu upande wetu, akamwambia jua likifika juu ya ule mti, watapita.

Basi tukangoja, huku na huku, kwa muda wa karibu saa tatu nzima. Mvua ilikuwa imeacha na jua likatoka kali, la kwetu, lile linaloufanya msitu wote utoe mvuke. Papa alivua koti. Wakati mto ulipotulia kidogo na sauti ikaweza kupita, mama mkwe akamwuliza kama mvua ya mawe imepiga Kibabi mwaka huu. Papa akamwambia ndiyo, mara moja, mwezi wa kumi, ikakata majani ya shamba la chini lakini la juu likapona. Mama mkwe akamwuliza anajuaje kwamba inakuja. Papa akaeleza kuhusu upepo unaobadilika ghafla na ng'ombe wanaogeuza mkia. Kisha yeye naye akamwuliza mama mkwe huku wanajuaje kwamba mvua itakuwa ya siku nzima. Walizungumza hivyo, wakipaza sauti, wazee wawili waliokuwa hawajabadilishana hata salamu ndefu tangu harusi. Nilikaa kwenye gogo nikiwasikiliza. Mimi ni mtu niliyekwenda shule, nafundisha watoto majira ya mvua na ya kiangazi kwenye ubao. Siku hiyo nilijua nimetoka kwa nani, na nimeolewa kwa nani, na nilijisikia mkubwa.

Jua lilipofika juu ya ule mti, maji yalikuwa yameshuka mpaka magotini. Mume wangu na majirani walikata miti miwili, wakailaza, wakafunga kamba ya kushikia. Papa alikataa kubebwa. Alivuka kwa miguu yake, na katikati, pale gogo lilipoteleza, mama mkwe alimnyooshea fimbo, naye akaishika. Alipokanyaga upande wetu alimsalimia kabla ya kunisalimia mimi.

"Mama," alisema, "leo umenishinda."

Mama mkwe akacheka. Akamwambia koti aniachie mimi nilibebe, maana huku hakuna baridi ya kulivalia.

Mfuko aliokuwa ameukalia ulikuwa wa mbegu za maharagi, zile anazochagua kwa kidole, zawadi ya nyumba mpya. Tulipoufungua nyumbani tukakuta nusu zimelowa. Papa aliona aibu. Alisema mbegu iliyolowa haisubiri, inapandwa ao inaoza, na mwezi wa kupanda umepita, kwa hiyo hata ikipandwa mvua itaiozesha. Mama mkwe akazishika kiganjani, akazipindua. Akasema huku maharagi hayangoji mwezi, yanangoja udongo. Asubuhi yake, Jumapili, kabla ya ibada, alimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye mteremko ambapo maji hayatuami, mahali tulipokuwa tumeng'oa muhogo. Papa alichimba kwa vidole, akanusa udongo, akasema ni mweusi kuliko wake. Jumatatu walipanda pamoja. Niliwaacha wakibishana juu ya kina cha mashimo nikaenda kufundisha, na nikasikia wameendelea mpaka saa nne.

Alikuwa amekuja kwa siku nne. Alikaa wiki tatu.

Katika wiki hizo aliona mambo ambayo mgeni wa mwezi wa saba hayaoni. Aliona kwamba mvua yetu ina saa zake: mara nyingi asubuhi ni safi, majani yameoshwa, unasikia ndege mbali sana, na kazi zote zinafanyika kabla ya saa nane, kisha wingu linajijenga polepole, na kila mama anajua hasa wakati wa kuanua nguo. Alikula uyoga wa aina tatu, na wa tatu aliuogopa mpaka mama mkwe alipoula kwanza. Jioni moja, baada ya mvua fupi, kumbikumbi walitoka ardhini kwa maelfu, na baba yangu, mtu wa koti na heshima, alikimbia uani na sufuria kama mtoto. Aliacha kusema mvua isiyo na akili. Alianza kusimama mlangoni saa saba kutazama wingu, na kukisia, na kukosea, na kukisia tena. Siku alipopatia alimwita mama mkwe aje kushuhudia.

Jumapili ya mwisho, kanisani, mchungaji alimwomba mgeni asalimie. Papa alisimama na koti lake mkononi. Alisema anatoka Kibabi ya Masisi, ni baba wa mwalimu. Kisha akasema: "Mutoto wangu alinificha uzuri wa kwenu miaka saba. Aliniambiaka nikuje wakati wa barabara nzuri. Mimi sikukuja kuona barabara."

Watu walicheka na kupiga makofi. Mimi niliinamisha kichwa, maana macho yalikuwa yamejaa, lakini nilicheka pia.

Aliondoka siku ya mawingu mepesi, mama mkwe akiwa amemhakikishia kwamba mto hautamsumbua, na haukumsumbua. Maharagi yale hayakufanikiwa yote. Yaliyokuwa chini ya mteremko yalioza, kama Papa alivyosema. Ya juu yalizaa vizuri, kama mama mkwe alivyosema, na mbegu zake sasa ziko kwenye nyumba nyingi hapa Pinga. Watu wanaziita maharagi ya Papa wa mwalimu.

Ndugu yangu aliyebaki Kibabi ananipa habari zake. Anasema asubuhi, mahali wanapokusanyia maziwa, mtu akitaja Walikale kama watu wengi wanavyoitaja, yaani miti, matope na madini ya Bisie, Papa anamkatiza. Anawaeleza juu ya mama mmoja aliyesimama ng'ambo ya mto akasoma maji kama barua. Anawaeleza saa ya mvua, na uyoga, na udongo mweusi. Kisha wanamwuliza mtu aende lini, naye anajibu kwa uzito wa mtu aliyepima: mwezi wa kumi na moja, ukishapalilia.

Mwaka huu mama mkwe amenunua sweta mbili sokoni, moja ya kijani na moja ya zambarau. Anasema anataka kuiona hiyo mvua ya mawe kwa macho yake. Papa amemwambia aje mwezi wa nne, maana hapo vilima vyote vya Masisi ni kijani mpaka kileleni na baridi bado haijashuka. Nimeomba ruhusa shuleni ili nimsindikize.