Waini yangu ya kwanza ya asali: kila mtu nyumbani alisaidia mpaka ikaharibika

Hamjambo wakuu.

Mnisamehe mapema kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la nane, na naandika kwa kidole kimoja kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Lakini haya yalinitokea mimi mwenyewe na sijayatia chumvi.

Nimesoma humu mkieleza waini zenu za kwanza. Ya maembe, ya zabibu, ya rozela. Mmoja alisema chupa zilipasuka zikachafua dari yote. Nilimwonea wivu. Yeye aliharibu mwenyewe.

Yangu iliharibiwa na watu wanaonipenda.

Kwetu ni karibu na Mbumbuni. Nilipendana na msichana wa Migwani, anaitwa Mwende. Sisi Wakamba, hata mkiishi pamoja miaka na watoto juu, huyo si mke wako mpaka upeleke ntheo kwa wazazi wake. Ntheo ni mbuzi, na pamoja na mbuzi ni uki, yaani waini ya asali.

Familia nyingi siku hizi hupeleka soda, hasa watu wa kanisa. Baba yake Mwende alikataa soda. Akakataa pia uki wa kununua.

Siku tulipokwenda kwao kujitambulisha, alimwambia baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wetu kwa sababu baba yangu alishafariki:

"Huyo kijana hajafungua mdomo tangu aingie hapa. Basi atuletee uki wa mkono wake mwenyewe. Kama hawezi kuangalia asali siku mbili, mtoto wangu atamwangalia aje?"

Kwa hivyo mnaelewa. Waini ikikataliwa, Mwende anabaki kwao.

Asali niliitafuta mpaka Kyuso. Asali safi, nyeusi, ile inakwaruza koo.

Kitu cha pili ni muatini. Kwa wale si wa huku, ni lile tunda refu kama soseji linaloning'inia mtini. Haliliwi. Linapasuliwa, linachemshwa, linakaushwa, halafu linawekwa ndani ya maji ya asali, na hilo ndilo linafanya asali igeuke kuwa uki. Ukimaliza unalianika na kulihifadhi. Kadiri linavyotumika ndivyo linavyozidi kuwa na nguvu, kwa sababu chachu imeingia mpaka ndani.

Baba aliniachia wake. Ulikuwa umening'inia jikoni juu ya moto tangu nikiwa mdogo. Mweusi, una utando, unanuka. Hiyo ndiyo mali.

Sasa sikilizeni.

Asubuhi ya kutengeneza naenda jikoni, muatini hauko. Natoka nje, naukuta kwenye kamba ya nguo, mweupe kama mfupa.

Shangazi alikuwa amefika jana yake kutusaidia. Akaniambia akitabasamu, "Mwanangu, hicho kitu kilikuwa na ukungu! Nimekisugua na sabuni ya unga, nikakichemsha mara mbili. Ungewapelekea wakwe uchafu?"

Wakuu, mnajua nilimwambia nini?

Nilisema, "Asante shangazi."

Ndivyo nilivyo. Maneno yananikwama hapa kooni, halafu yanatoka ya adabu.

Nikatia asali kwenye maji ya vuguvugu, nikautumbukiza ule muatini uliooshwa, nikafunika jerikeni na blanketi kando ya jiko. Nikangoja povu.

Jioni hakuna povu. Asubuhi hakuna povu. Ni maji matamu tu, na harufu ya sabuni kwa mbali.

Baba mdogo akaja kukagua. Akaonja. Akaonja tena. Huyu mtu aliendelea kuonja mpaka jerikeni ikashuka, kisha akasema, "Hii imelala. Wacha niiamshe."

Akatuma mtoto dukani, akaletewa hamira ya mandazi. Akamwaga pakiti nzima, na sukari juu.

Nikasimama hapo nikiangalia. Nikasema, "Sawa baba mdogo."

Hiyo nayo ingeweza kufanya kazi, maana kweli povu lilianza. Lakini mama akakumbuka kwamba pasta anapita kwetu kuombea safari.

"Pasta hawezi kukuta pombe jikoni kwangu," alisema. Akaibeba mwenyewe, akaiweka kwenye zizi la mbuzi. Usiku ule ulikuwa wa baridi. Povu likafa.

Kesho yake nikamuuliza mama kama naweza kuirudisha jikoni. Akasema tungoje, huenda pasta akarudi, alisahau mwavuli.

Siku ya safari ikafika. Gari la kukodi, mbuzi nyuma, jerikeni kwenye magoti yangu. Njia nzima baba mdogo anajisifu kwa dereva, "Hiyo ni kazi yangu. Vijana wa siku hizi hawajui uki."

Shangazi naye, "Na usafi ni wangu!"

Tukafika Migwani. Mbuzi wakakaguliwa, wakasifiwa. Mwende alikuwa amesimama mlangoni na wenzake, hata sikuweza kumwangalia.

Baba yake akamiminiwa. Akanywa kidogo. Akaacha kumeza, shavu limejaa, akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta pa kutema. Akameza kwa nguvu.

"Nani alipika hii?"

Baba mdogo akaanza kuangalia mbuzi. Shangazi akaona kitu kwenye kiatu chake.

Nikasimama.

"Ni mimi. Lakini muatini ulioshwa na sabuni, uki ukatiwa hamira ya mandazi, kisha ukalazwa zizini na mbuzi."

Watu wakacheka mpaka mzee mmoja akashikilia kiti. Baba mdogo akanivuta shati. Baba yake Mwende hakucheka.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ulisema nini?"

"Nilisema asante."

Hapo hata Mwende alijifunika uso na leso. Sijui alikuwa anacheka au analia, mpaka leo amekataa kuniambia.

Mzee akasema, "Mbuzi wabaki. Hayo maji ya mandazi yarudi kwenu." Maana yake ntheo haijaisha, na Mwende haji.

Kisha akaingia ndani. Akatoka na muatini wake mwenyewe, mweusi kuliko wa baba. Muatini haupewi mtu wa nje, wakuu. Hata jirani huwezi kumwazima. Mjomba wa Mwende akaguna, lakini mzee akaniwekea mkononi, akauliza:

"Mtu akitaka kuugusa utamwambia nini?"

"Nitasema hapana."

"Sisikii."

"Hapana."

"Kijana, Mwende yuko pale mlangoni na hakusikii!"

"HAPANA!"

Mbuzi wakaruka. Nafikiri Migwani yote ilisikia.

Sasa ninapoandika, jerikeni ya pili iko kando ya moto na povu linapanda. Nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni. Mama hasemi na mimi. Baba mdogo ameambia watu kwamba nimekuwa na kiburi tangu niende kwa wakwe.

Nilichojifunza ni kwamba waini haitaki watu wengi, na anayekusaidia bila kuulizwa anaweza kukuchelewesha kuoa.

Mnaojua uki, niambieni niutoe muatini lini, povu likianza kushuka au likiisha kabisa? Na kama kuna aliyewahi kumkatalia mama yake kitu na wakapatana, aniandikie alianza na neno gani. Nasoma polepole, lakini nitasoma zote.