Tulifundishana

Tajiri wetu alikuwa Muasia wa Kisumu anayekaa Stanmore, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko Kiingereza changu. Siku aliyotukusanya kiwandani, pale Harrow, London, alisimama katikati ya marobota ya mapazia akasema, "Dada zangu, kazi inahamia ng'ambo." Mdomo wangu haujui kusubiri. Nikamwambia, "Ng'ambo gani tena, bwana? Mimi nimezaliwa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, nikavuka bahari kuja ng'ambo, leo unaniambia ng'ambo iko mbele zaidi?" Wenzangu wakacheka, na yeye akacheka, kisha akatoa leso akafuta macho. Kiwanda kikafungwa kabla ya baridi kwisha.

Sikulia. Nilikasirika, na kilichonikasirisha hasa ni kwamba nyumbani kwangu walifurahi. Binti yangu alikuwa anakaribia kurudi kazini baada ya uzazi, na mimi sijaweka hata mkasi chini, nimeshafanywa yaya. "Mama, imekuja kwa wakati wake," alisema, kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia chote ila kukijibu hataki. Mjukuu wangu nampenda mpaka kucha za miguu. Lakini kumpenda mtoto ni jambo moja, na kushinda naye Jumatatu mpaka Ijumaa hadi nizeeke ni jambo jingine. Nilitaka kutoka asubuhi na mkoba wangu kama watu.

Kumbe serikali ilikuwa na msaada kwa watu ambao kazi zao zimehamishwa. Mama mmoja wa ofisi ya ajira, mwenye miwani nyekundu na subira ya ajabu, akaniambia kuna mafunzo ya kuwa mwalimu wa ushonaji kwa watu wazima, na ada yote inalipwa. Ila nafasi ni chache, kuna usaili, na huko lazima nijue kujiuza.

Jioni nikampa mume wangu habari. "Wamesema nikienda lazima nijiuze."

Akaweka kikombe chini. "Nani kakwambia ujiuze?"

"Serikali."

Akaanza kuvaa viatu, anataka kwenda kuiuliza hiyo serikali ana kwa ana. Binti yetu, aliyekuja kututembelea, alicheka mpaka akamwamsha mtoto, ndipo akatufafanulia kwamba maana yake ni kujisifu. Baba yake akavua viatu, lakini hakuridhika sana. "Kujisifu nako ni aibu," alisema, "ila afadhali."

Mwenzangu wa kiwandani alikuja kutoka Lewisham kunifanyisha mazoezi. Yeye ni Msukuma, mlokole, na tulikaa mashine kwa mashine miaka mingi. Alikuwa keshapata kazi ya hospitali hukohuko Lewisham, kwa hiyo alijiona mtaalamu. Akakaa kwenye sofa langu, akakunja nne, akauliza kwa sauti nzito, "Mama, umewahi kumfundisha mtu kushona?"

"Tulifundishana," nikajibu.

"Dada! Interview siyo kitchen party. Sema, nimefundisha."

Hakikutoka. Mimi nimelelewa hivyo: mtu mwenye adabu hasaidii, husaidiana, hafundishi, hufundishana. Mama yangu akimsikia mtoto anasema mimi, mimi, alikuwa akimwuliza mbuzi huyo anayelia yuko wapi. Sasa leo, na mvi zangu, nianze kulia kama mbuzi mbele ya Wazungu?

Siku ya usaili walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume, wote wapole. Swali likaja vilevile, nami nikalijibu vilevile, kwa Kiingereza: tulifundishana.

"Vizuri," akasema yule mwanamume. "Wao walikufundisha nini?"

Nikafikiri kwa dhati, maana sipendi kusema uongo. "Mapambio ya kanisani," nikamwambia, "na kupika mlenda."

Wakatazamana. "Na kushona?" akauliza mwanamke.

Niliiona Jumatatu yangu inakuja, mimi na kigari cha mtoto bustanini, mvua ya rasharasha, na Jumanne yake, na Jumatano. Niliogopa kweli. Nikamkumbuka mwenzangu siku yake ya kwanza, amelishona pazia la watu pamoja na sketi yake mwenyewe. Nilimfumua, nikamshika mikono yote miwili juu ya kitambaa, tukaenda polepole mpaka mashine ikaacha kumtisha. Hapo hapakuwa na kufundishana.

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha." Kwa Kiingereza neno lenyewe ni herufi moja tu, lakini lilinitoka kama jino. Na lilipotoka, hawakuniweza tena. Niliwaeleza habari za Msomali niliyemfundisha pindo, na yule Mreno aliyekuwa akikata kwa hasira, na jinsi ya kumsahihisha mtu mzima bila kumvunja moyo. Yule mwanamume akaanza kuitazama saa ukutani. Nikamwambia bado sijamaliza.

Simu ilinikuta kwa binti yangu, mtoto yuko mapajani. Waliposema nimepata, nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta, na mtoto naye akapiga makofi bila kujua analosherehekea. Binti yangu akanikumbatia, akanibusu, akasema anajivunia mama yake. Kisha nikaona tabasamu linamganda usoni.

"Lakini Mama," akasema, "sasa nani atakaa na mtoto?"

"Tutasaidiana, mwanangu," nikamwambia, nikampa mtoto wake. "Anza wewe."